"Chombo Kinginecho": Haki ya Kusikilizwa Ianzie Shuleni

(Mhadhara kwa walimu wa somo la Uraia, Dodoma mjini)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu mliotoka Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chamwino, Chemba na Kondoa, nanyi wanachuo mnaojiandaa kuingia kazini, nawashukuru kwa kuniita. Walionisikia mara zilizopita wanajua nitakachosema, kwa sababu nimekuwa nikikisema tangu nilipokuwa bado nashika chaki, na nitaendelea kukisema mpaka nikione kimefanyika. Sitawaeleza Katiba ni nini wala ilivyoandikwa. Hayo mnayafundisha kila mwaka. Nimekuja na ibara ya 13, ibara ndogo ya 6, aya ya (a), na ndani ya aya hiyo nimekuja na maneno mawili tu.

Aya hiyo inasema kwamba haki na wajibu wa mtu yeyote vinapohitaji kufanyiwa uamuzi na mahakama "au chombo kinginecho", mtu huyo ana haki ya kupewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na ana haki ya kukata rufani. Tunapoifundisha tunafika kwenye neno mahakama, tunachora ubaoni ngazi zote kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama ya Rufani, kengele inalia, na maneno "chombo kinginecho" yanabaki kitabuni bila kuguswa. Sasa nawauliza: mtoto wa kidato cha pili anaijua mahakama gani? Wengi wao hawajawahi kukanyaga mahakamani, na Mungu akiwajalia hawatakanyaga. Chombo wanachokijua ni ofisi ya mwalimu wa nidhamu, ni kamati inayokutana alasiri baada ya vipindi, ni bodi ya shule. Hivyo ndivyo vyombo vinavyoamua kama mtoto atabaki darasani au atarudi kijijini kuchunga. Katiba ilipoandika "chombo kinginecho" ilitutaja sisi, na sisi tunaifundisha kana kwamba imewataja majaji peke yao.

Niwape kisa ambacho baadhi yenu mmeshakisikia, nami sioni sababu ya kukiacha. Niliwahi kuwa katibu wa kamati ya nidhamu katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Siku moja matroni alifanya upekuzi wa ghafla bwenini, na ndani ya tranka la binti wa kidato cha tatu, chini ya kanga, akakuta simu. Kanuni za shule zilikuwa wazi: simu ni kosa la kusimamishwa masomo. Kamati ikaitishwa siku hiyohiyo. Fomu yetu ya muhtasari ilikuwa na sehemu iliyoandikwa "Maelezo ya mwanafunzi", yenye mistari mitatu, na mimi, mwalimu wa Uraia, niliijaza mistari ile kabla binti hajaingia. Niliandika kwamba mwanafunzi amekiri kosa. Simu ilikuwa mezani mbele yetu, jua linazama, walimu wana safari ya kurudi makwao. Nani angeikana simu iliyotoka kwenye tranka lake? Binti akaitwa, akasomewa uamuzi wa siku 21, ndipo mwenyekiti akamuuliza kama ana la kusema. Alisema hana. Tukauhesabu unyonge ule kuwa ni kukiri, nikaona niliyoyaandika yamethibitika.

Muhula uliotangulia nilikuwa nimewapa darasa lake mtihani. Swali mojawapo liliwataka wataje haki tano za msingi zilizomo katika Katiba, na binti huyo alizitaja zote tano, ya tatu ikiwa ni haki ya kusikilizwa. Nilimpigia alama ya vema kwa kalamu yangu nyekundu. Mkono uleule uliopiga vema ndio uliojaza mistari mitatu ya fomu, na sikuona uhusiano wowote baina ya mambo hayo mawili mpaka siku ya 22, binti aliporudi akiwa na bibi yake.

Bibi yule alisema Kiswahili kidogo kilichochanganyika na Kigogo, na alisema kwa upole kabisa. Alitueleza kwamba mama wa binti alikuwa amelazwa hospitalini, na mama mdogo ndiye aliyempa mtoto simu ili apate habari za mgonjwa, kwa kuwa kila alipoomba kupiga simu ya ofisini aliambiwa asubiri mwisho wa wiki. Kisha akatuuliza neno moja: "Mlimwuliza?" Tulikuwa walimu wanne mle ofisini, wote tumesoma, na hakuna aliyemjibu.

Najua mwalimu mwingine anasema moyoni kwamba binti alikuwa na kosa hata hivyo. Ndiyo, alikuwa nalo. Simu ilikuwa yake, kanuni aliijua, na sitaki mtu yeyote atoke humu akidhani namsimulia mtoto aliyesingiziwa. Kisa hiki nakipenda kwa sababu hiyohiyo. Tukiwafundisha wanafunzi kwamba haki ya kusikilizwa ni ya mtu asiye na kosa, tunakuwa tumeifuta, kwa sababu hakuna ajuaye nani hana kosa mpaka amsikilize. Tena hata mwenye kosa ana sababu, ana kiasi cha kosa, ana mazingira, na adhabu ya haki haiwezi kupimwa bila kuyajua hayo. Kama tungemsikiliza, simu ingechukuliwa palepale, onyo lingetolewa, na mtoto angeruhusiwa kupiga simu ya ofisini kila jioni mpaka mama yake apone. Badala yake alipoteza wiki tatu za masomo pamoja na mitihani ya muhula.

Pingamizi la pili nalisikia kila ninaposimama mahali kama hapa: kwamba mwanafunzi akijua haki zake atakuwa mkaidi, na darasa la watoto sabini haliongozwi kwa ibara. Nami nilifundisha madarasa ya watoto sabini, kwa hiyo naomba nisijibiwe kama mgeni. Mwanafunzi hajifunzi ukaidi kwa kujua haki; anajifunza ukaidi anapoona kwamba aliyesema na aliyenyamaza wameadhibiwa sawa, kwa maana hapo hana tena sababu ya kusema kweli. Zaidi ya hayo, ni nani anayevunja kanuni kwanza? Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu, zinasema kwamba kiboko ni kwa kosa kubwa tu, kwamba visizidi vinne kwa mara moja, kwamba mwenye mamlaka ya kuvitoa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, kwamba umri, jinsi na afya ya mtoto vizingatiwe, na kwamba kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Mwalimu anayetembea na fimbo kuanzia mstarini asubuhi hadi kipindi cha mwisho, bila ruhusa ya maandishi na bila kitabu, anawafundisha wanafunzi wake kwamba sheria ni ya wadogo. Binafsi naamini kwamba kiboko chenyewe hakipatani na aya ya (e) ya ibara ndogo ileile ya 6 katika ibara ya 13 ya Katiba, inayokataza adhabu za kumtweza na kumdhalilisha mtu, lakini nakubali kwamba huo ni mjadala. Kuhusu kitabu na ruhusa ya maandishi hakuna mjadala.

Na tunapoitaja aya ya (e), inanishangaza kwamba watoto wa Dodoma wanamaliza sekondari bila kuambiwa kwamba aya hiyo ilipiganiwa hapahapa. Mwaka 1994, katika Mahakama Kuu iliyoketi Dodoma, Jaji James Mwalusanya aliamua katika kesi ya Mbushuu kwamba adhabu ya kifo ni ya kikatili na inamdhalilisha binadamu, hivyo inavunja Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo, lakini namna ilivyoutengua ndiyo somo lenyewe: majaji walikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili, kisha wakasema inaokolewa na ibara ya 30, inayoruhusu sheria kuweka mipaka ya haki kwa ajili ya maslahi ya umma. Hapo mwanafunzi anapata mambo mawili ambayo orodha ya haki haiwezi kumpa: kwamba haki ina mpaka, na kwamba anayeweka mpaka analazimika kutoa sababu. Ligaweni darasa, nusu wawe upande wa Jaji Mwalusanya na nusu upande wa Mahakama ya Rufani, muwaache wabishane kwa staha, na mtaona watoto wakiisoma ibara ya 30 wenyewe bila kulazimishwa.

Mwaka huohuo wa 1994, tena hapahapa Dodoma, Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila. Alisema kwamba kuwalazimisha raia kuomba kibali ili wakutane kwa amani kunavunja ibara ya 20, na kwamba raia ana haki ya kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama. Sharti la chama lilirudishwa kwa kubadilisha Katiba yenyewe, mzozo ukaendelea miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikampa Mtikila haki. Mtu anaweza kumpenda Mtikila au kutompenda. Simfundishi mwanafunzi ampende. Namfundisha kwamba raia mmoja aliingia katika jengo lililo hapahapa mjini akiwa na Katiba mkononi, na nchi ikalazimika kumsikiliza kwa miaka 20.

Nigusie lugha, kwa sababu inahusika moja kwa moja na binti yule. Katiba yetu ni ya Kiswahili. Kwa miaka mingi, hata hivyo, somo la Uraia katika sekondari limefundishwa kwa Kiingereza, na mtoto amekariri haki zake katika lugha ambayo hakuitumia bwenini, hakuitumia ofisini, na ambayo bibi yake asingeielewa. Mtihani wangu ulikuwa wa Kiingereza. Jibu lake la tatu lilikuwa la Kiingereza. Alipoulizwa kwa Kiswahili, jioni ile, kama ana la kusema, sidhani kama alitambua kwamba swali lile ndilo haki aliyoiandika. Basi hata pale ambapo mtaala unawafunga, ingieni darasani na Katiba ya Kiswahili, msome aya nzima kwa sauti, kisha mkaendelee na lugha ya mtihani. Dakika mbili zinatosha, na hakuna mkaguzi atakayewalaumu kwa kusoma Katiba ya nchi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nilikuwa na mengine. Nilitaka tuzungumze juu ya ibara ya 11, inayotaja haki ya kujielimisha, lakini imewekwa katika sehemu ambayo ibara ya 7 inasema haitekelezwi kwa amri ya mahakama; mwanafunzi astahili kuambiwa ukweli huo. Nilitaka pia kuitaja kesi ya Rebeca Gyumi, mwanamke aliyekulia mkoani humu, aliyeiomba Mahakama Kuu itamke kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti aliye chini ya miaka 18 aolewe vinavunja Katiba. Alishinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaukubali ushindi huo mwaka 2019. Wasichana wa Chemba na Bahi wanapaswa kulijua jina hilo. Ibara ya 26, inayompa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda Katiba, pamoja na mabadiliko ya sheria ya mwaka 2020 yanayomtaka mlalamikaji aonyeshe jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe, itabidi isubiri siku nyingine.

Ombi langu kwenu ni dogo, na linatekelezeka Jumatatu. Nendeni kwenye faili la kamati ya nidhamu la shule zenu, mfungue mihtasari ya mwaka huu, msome sehemu ya maelezo ya mwanafunzi. Mkikuta maneno yaleyale yamejirudia kwa kila mtoto, kwa mwandiko uleule, mtajua yaliandikwa lini. Kuanzia hapo sehemu hiyo ajaze mwanafunzi mwenyewe, kwa mkono wake, kwa lugha anayoitaka, kabla kamati haijakaa, na aambiwe anaweza kukata rufani kwa nani.

Mwalimu uliyeketi karibu na dirisha umenyoosha mkono tangu nilipotaja viboko, na nadhani hukubaliani nami. Naomba kipaza sauti kifike kwake kwanza.