Mazoezi Yanalainisha Moyo, Yanakaza Kano

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mwili kukakamaa ni uzee, na dawa yake ni kujinyoosha. Mtu anayefanya mazoezi miaka nenda rudi, sehemu fulani za mwili wake hulainika na nyingine hukaza, na kote huko anapata faida.

Tuanze na ateri, mishipa inayotoa damu moyoni. Ateri kubwa ya kijana hutanuka moyo unaposukuma damu, kisha hujirudi. Kinachoiwezesha ni elastini, protini ambayo mwili huitengeneza zaidi tukiwa wadogo. Mapigo ya miaka mingi huikatakata, kolajeni, protini nyingine iliyo ngumu, ikashika nafasi, na sukari ya kwenye damu ikazigandisha nyuzi zake zisiachane. Ndiyo maana presha ya juu ya wazee hupanda huku ya chini ikishuka. Mwaka 2000 Hirofumi Tanaka na wenzake, huko Marekani, walionyesha kuwa wanaume wa makamo na wazee wasiozoea mazoezi walitembea miezi 3 tu, na ateri zao za shingo zikaanza kunyumbuka vizuri tena.

Moyo wenyewe ni mkaidi zaidi. Kundi la Benjamin Levine wa Dallas liliwachukua watu wa miaka 45 hadi 64 waliozoea kukaa tu, likawafanyisha mazoezi kwa miaka 2, mengine ya kukata pumzi kabisa. Chumba cha kushoto cha moyo kikalainika. Lakini waliovuka miaka 65, baada ya mwaka mzima, pumzi iliongezeka na ugumu wa moyo ukabaki palepale. Nasikia mnaguna huko nyuma. Subirini, yenu yanakuja.

Kano, ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, hasa ya kisigino, ina kisa chake. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalimwaga hewani kaboni ya aina ya pekee, ikaingia kwenye mimea, na sisi sote tukaila. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark waliipima kaboni hiyo ndani ya kano za watu, wakakuta kiini cha kano hakijengwi upya baada ya umri wa miaka kama 17. Kano uliyoingia nayo humu ukumbini ni ile ile ya sekondari!

Hata hivyo, ukiibebesha mzigo inakaza. Wazee wa miaka sabini na kitu walionyanyua vyuma kwa wiki 14 waliongeza ugumu wa kano ya goti kwa asilimia 65. Tunautaka ugumu huo. Kano ikilegea, msuli hupoteza muda kuuvuta ulegevu kabla mguu haujasogea, na mzee aliyejikwaa hana muda wa kupoteza. Matembezi peke yake hayatoshi hapa, kwa kuwa mzigo wake ni mdogo.

Sasa ndipo penye mgongano. Mtafiti Miyachi na wenzake, mwaka 2004, waliona vijana waliobeba vyuma vizito miezi 4 ateri zao zikakakamaa, walipoacha, zikarudi. Baadaye mtafiti mwingine, Okamoto, akagundua kuwa waliokimbia baada ya vyuma ateri zao zililainika, ila za waliokimbia kwanza hazikubadilika. Mimi basi huanza na vyuma, ndipo nitoke barabarani. Mwenye presha amwone daktari kabla ya kugusa chuma kizito. Haya, maswali, tuanze na wale waliokuwa wakiguna.