Donda Ndugu na Unyayo Usiohisi

Assalaamu aleikum wazee wangu, na nyinyi kina mama mlio upande wa ndani.

Mmeniita nizungumzie dawa mpya za vidonda vya sukari, nami nitazitaja. Lakini kwanza niwaeleze habari ya nahodha mmoja aliyeletwa kliniki na mkewe. Msumari ulikuwa umetoboa ndara ukaingia unyayoni, naye ametembea nao kutoka Langoni hadi Shela, hapa Lamu, akarudi. Hakuhisi kitu. Mkewe ndiye aliyeona damu sakafuni.

Sukari ikikaa juu miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, na mishipa ya damu nayo huziba. Kidonda hakiumi, na kisichouma hakuna anayekipumzisha. Ndani nako kazi imekwama. Fikirieni fundi anajenga ukuta wa mawe na chokaa, na nyuma yake kuna mtu anaubomoa. Kidonda hiki kimejaa vimeng'enya, yaani protini za mwili wenyewe, vya kubomoa nyama changa, ndiyo maana wazee wetu walikiita donda ndugu: hakikuachi.

Wataalamu wamejaribu kuongeza mafundi. Mwaka 1997 Marekani iliidhinisha jeli ya bekaplemini, yenye protini inayochochea seli kujenga. Kuba, tangu 2006, wana Heberprot-P, sindano inayodungwa kwenye kidonda chenyewe. Kisha kuna Apligraf, ngozi hai ya maabara, iliyoruhusiwa kwa vidonda vya miguu ya sukari mwaka 2000. Asili ya seli zake ni govi la watoto waliotahiriwa. Ndiyo, kipande kile kile ambacho sisi hukizika tukasahau.

Wengine wamemkabili mbomoaji. Mwaka 2018 jarida la Lancet Diabetes & Endocrinology lilichapisha majaribio ya bendeji yenye chumvi ya sukrosi oktasulfeti, kwa wagonjwa 240 katika nchi tano za Ulaya. Baada ya wiki 20, vidonda vilifunga kwa asilimia 48 ya walioitumia, na asilimia 30 ya waliofungwa bendeji kama hiyo isiyo na dawa. Nawaomba sana, sukrosi ni jina la sukari, lakini hiyo si sukari ya chai. Msijimwagie ya jikoni.

Ila zote hizi hazifui dafu ikiwa mgonjwa anaendelea kukikanyagia kidonda. Kwangu mimi, tiba kubwa bado ni plasta, ile ile ya mfupa uliovunjika. Ilitumika India kwa wenye ukoma, ambao nyayo zao pia zina ganzi. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore huko huko India, akaipeleka Marekani miaka ya 1960. Plasta huusambaza uzito wa mwili hadi kwenye muundi, na mgonjwa hawezi kuivua akitamani kwenda sokoni. Vidonda vingi hufunga kwa wiki sita hadi nane. Lakini ifungwe na aliyefunzwa, na isifungwe penye usaha wala kwenye mguu usiofikiwa na damu ya kutosha.

Nahodha wetu aliikataa mara mbili. "Nani atashika usukani?" Nikamwambia chombo kitangoje, mguu haungoji. Akakubali. Wiki ya saba tulipoifungua, mkewe alikipapasa kisigino kwa kidole, akalia.

Viatu mmeshavua mlipopanda baraza. Nimekuja na uzi wa nailoni. Nitaugusisha kwenye nyayo, nanyi mkiwa mmefumba macho mniambie mnapouhisi. Tuanze na mzee aliye karibu na mlango.