Kanisa la Aldermanbury Halikuhama

Nimeshalisema hili mara nyingi, na naona mwenyekiti ananitazama kama mtu anayewaza, "Haya, kaanza tena." Ndiyo, naanza tena. Mkiambiwa kwamba kanisa la St Mary Aldermanbury la London sasa liko Fulton, Missouri, kule Marekani, msikubali upesi. Kilichovuka bahari ni mawe yapatayo 7,000, yametiwa namba kama shehena. Tena mawe ya jengo la msanifu majengo Christopher Wren, aliyelijenga upya kanisa baada ya moto mkubwa wa London wa 1666. Kanisa la zama za kati, ambalo lilikwisha kutajwa mwaka 1181, liliteketea katika moto huohuo. Mahali pake ni palepale London, siku hizi ni kibustani tu.

Kuna atakayesema: "Mwalimu, kanisa la Waingereza latuhusu nini?" Nilikuwa nakungoja wewe. Wazee wa kanisa lile walikuwa akina nani? Miongoni mwao John Heminges na Henry Condell, waigizaji wenzake Shakespeare. Mwenzao akafa 1616. Makaratasi ya tamthilia zake yangeweza kuishia kufungia maandazi! Lakini mwaka 1623 wakatoa tamthilia zake 36 katika kitabu kimoja, na 18 kati ya hizo hazikuwa zimechapwa kamwe. Mojawapo ni ya Julius Caesar. Sasa niambieni, Mwalimu Nyerere mwaka 1963 angetafsiri nini? Mabepari wa Venisi, tafsiri yake nyingine, sawa, tamthilia hiyo ilikwisha chapwa 1600, nalijua hilo, msinikatize. Nauliza Kaizari tungempata wapi!

Condell akazikwa pale 1627, Heminges 1630. Bustanini kuna mnara wa kuwakumbuka wawili hao, wa mwaka 1896. Na juu yake wamemweka nani? Shakespeare! Wageni wanapiga picha kile kichwa cha sanamu, majina ya chini hawana habari nayo.

Mengine nayapitia mbiombio. Usiku wa 29 Desemba 1940 mabomu ya Wajerumani yakaliunguza, zikabaki kuta. Churchill, aliyeiongoza Uingereza vitani, alikuwa ametoa hotuba yake ya "pazia la chuma", la kuigawa Ulaya ya Mashariki na ya Magharibi, pale Fulton mwaka 1946, basi watu wa Fulton wakayaomba mawe wamjengee ukumbusho, wakauzindua 1969. Wamejenga vizuri, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni hilo neno "limehama". Walutheri wetu jumuiya ya waumini wa kanisa huiita usharika. Sikilizeni neno lenyewe: kushiriki! Aliyebatizwa pale, aliyeolewa pale, aliyelia msibani na jirani yake pale. Hayo utayatia namba uyapakie melini? Mshairi John Milton alifunga ndoa yake ya pili pale 1656, ndani ya kanisa lile la kale, miaka 10 tu kabla ya moto.

Nilitaka pia kumsema Jaji Jeffreys, yule jaji Mwingereza aliyesifika kwa ukali, ambaye yeye kweli alihama: alizikwa kwanza Tower of London, ile ngome ya kale, baadaye maiti yake ikaletwa Aldermanbury. Lakini huyo nikimwanza tutalala hapa. Nipeni maji, leteni maswali.