Ubongo uliokaa majini miaka elfu saba

Asalaam alaykum jamani. Suali mlonitumia wengi ni moja, ubongo si ndo kitu cha mwanzo kuoza, sasa mtu anatoaje DNA kwenye ubongo wa kale? Kweli unaoza, tena hapa kwetu Zanzibar na joto hili siku chache tu basi. Lakini kule Florida, Marekani, mwaka 1982 dereva wa katapila alokuwa anachimba kwenye kidimbwi cha Windover akaona mafuvu, akasimamisha mashine. Wataalamu wakaja kutoa watu 168 walozikwa mle zaidi ya miaka 7,000 nyuma, na mafuvu 91 bado mna ubongo ndani, umesinyaa lakini mikunjo yake unaiona! Mwaka 1986 wakatangaza DNA imo.

Tope lile halina hewa kwa hiyo vijidudu vya kuozesha havifanyi kazi, na maji yake yamepita kwenye mawe ya chokaa, hayana asidi. Asidi ndo inaikatakata DNA. Ile miili ya kwenye matope yenye asidi ya Ulaya kaskazini ngozi nzima, nywele zipo, ukitafuta DNA mara nyingi hupati kitu. Hapa naomba tuelewane sana, kitu kubaki na sura yake sio kubaki na DNA yake.

Na fomalini, ile dawa ya kuhifadhia viungo visioze, ndo hivyo hivyo, zile chupa za ubongo za skuli za udaktari. Inagandisha protini na DNA pamoja kama wali uloshika chini ya sufuria. Unakata kipande kidogo mno, unakisuuza fomalini itoke, unatia enzaimu ya kula protini, unapasha moto ile mishikano iachie, na mwisho unapata vipande vifupi vifupi. Ila vinasomeka, kuna pafu la mwaka 1912 Berlin limekaa kwenye fomalini na hata RNA ya virusi vya surua, ndugu yake DNA, ikasomwa humo.

Kwetu sie ubongo haukai, mtaalamu anakimbilia jino au mfupa mgumu wa ndani ya sikio. Mwaka 2017 ilitoka DNA ya watu wa pango la Kuumbi, Unguja, na Makangale, Pemba, wa miaka kama 1,400 nyuma, waloishi visiwa hivi hivi!

Kwa hiyo ukichimba msingi au kisima ukakuta mifupa, nakuombeni, msiishike mikono mitupu, msiioshe, msiianike juani, DNA isije ikaharibika, mwiteni sheha awaite watu wa Mambo ya Kale.