Fomu za Zamani Kwenye PHP Mpya

Ndugu zangu, nashukuru kwa kunialika. Leo tuzungumzie fomu zinazoharibika kimyakimya baada ya seva kupandishwa toleo. Nitabaki kwenye PHP, lugha ya programu inayoendesha tovuti upande wa seva. Tangu Rasmus Lerdorf alipoitoa mwaka 1995, kupokea fomu ni kazi yake ya msingi.

Katika PHP za zamani kulikuwa na mpangilio ulioitwa magic_quotes_gpc. Fomu ilipotumwa, PHP yenyewe iliweka mkwaju wa nyuma (\) mbele ya kila ritifaa (') kabla programu haijaziona data. Ukiandika Ng'ambo, programu inapokea Ng\'ambo. Nia ilikuwa njema: ndani ya amri ya SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, ritifaa hufunga maandishi, na kinachofuata husomwa kama amri. Waandishi wa programu wakazoea. Wengi walichukua kilichotoka kwenye fomu wakakitia moja kwa moja ndani ya INSERT, amri ya SQL ya kuingiza data, na mambo yakaenda.

Machi 2012 likaja toleo la 5.4, mpangilio ukaondolewa kabisa. Ulistahili kuondoka, maana uliharibu hata data zisizoelekea kwenye hifadhidata, na ulinzi wake haukutosha. Lakini tazameni kinachotokea. Fundi anapandisha seva, anafungua fomu ya usajili, anaandika Juma wa Kariakoo. Imepita. Asha wa Magomeni naye amepita. Fundi anafunga kazi. Kesho yake anajisajili mkazi wa Ng'ambo, Unguja, au mtu anayeitwa Ng'ang'a. Amri inakatika baada ya "Ng", hifadhidata inaikataa. Kama programu haiangalii jibu la hifadhidata, mtu huyo anaandikiwa "Umesajiliwa", na hayumo. Tena mlango uleule sasa uko wazi kwa yeyote anayejua kuandika SQL kwenye kisanduku cha jina.

Hili linaniuma, kwa sababu ng' imejaa katika majina yetu. Kujaribu fomu kwa Juma na Asha peke yao ni kuwaacha watu wetu nje. Na msirudishe mikwaju kwa addslashes, amri ya PHP inayoiweka kwa mkono. Hiyo ni kuahirisha tatizo. Tumieni PDO, zana ya PHP ya kuzungumza na hifadhidata: amri iandaliwe peke yake, thamani zipelekwe peke yake.

Kuna badiliko jingine, dogo kwa sura. Desemba 2011, kwenye 28C3, mkutano wa wadukuzi mjini Berlin, Alexander Klink na Julian Wälde walionyesha kwamba fomu moja yenye majina ya visanduku yaliyochaguliwa kwa hila inaweza kuishughulisha seva kwa muda mrefu mno. Januari 2012 PHP 5.3.9 ikaleta kikomo cha idadi ya visanduku vinavyopokelewa, max_input_vars, ambacho kwa kawaida ni 1,000. Marekebisho hayo ya haraka yalizaa tundu jingine la usalama, ikabidi 5.3.10 itoke Februari. Kikomo kikabaki, na kipo hadi leo.

Sasa chukueni fomu ya alama: wanafunzi 120, masomo 9, kila kisanduku na jina lake. Ni visanduku 1,080. PHP inapokea 1,000 vya mwanzo. Wanafunzi 111 wanakamilika, wa 112 anapata somo moja tu, na wanane waliobaki hawafiki kabisa. Mwalimu haoni kosa lolote kwenye skrini ikiwa seva imezuiwa kuonyesha maonyo, kama inavyotakiwa kwa seva ya kazi. Onyo limeandikwa kwenye kumbukumbu za seva: "Input variables exceeded 1000". Nani anazisoma?

Kwa hiyo kabla ya kupandisha toleo, tengenezeni nakala ya mfumo kwenye seva ya majaribio. Tafuteni fomu ndefu kuliko zote, mhesabu visanduku vyake, pamoja na vile vilivyofichwa. Jazeni safu ya mwisho, tumeni, kisha mfungue jedwali lenyewe muione safu hiyo kwa macho. Ujumbe wa "Imehifadhiwa" hautoshi. Kisha mrudie fomu ya usajili, mmsajili Ng'ang'a wa Ng'ambo.