Siku Niliyoambiwa Ziwa Limefungwa

Hamjambo nyote. Asanteni kwa kuacha masufuria yenu mkaja kukaa nami jioni hii hapa Kisumu. Mimi si mpishi wa hoteli. Napikia watu wa nyumbani kwangu Nakuru, na kila nikipata likizo hupanda matatu nikaja huku magharibi kula na kujifunza.

Mara ya kwanza nilikuja mwezi wa Mei. Nikaingia kwenye kibanda kimoja karibu na Ziwa Victoria, nikaagiza omena, wale dagaa wa ziwa hili, na ugali wa mtama. Zikaja chungu, zina mchanga, zimekaa ghalani hadi zimechoka. Nilipouliza, mama aliyekuwa akikaanga aliniambia, "Mwanangu, ziwa limefungwa."

Sikuwa nimewahi kusikia kwamba ziwa hufungwa. Nyinyi mnajua: kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Julai omena hawavuliwi, waachwe wazaane. Nilizoletewa zilikuwa za akiba. Mama yule akanisogezea bakuli la mboga za majani, mrenda uliochanganywa na mitoo. "Kula hii," akasema, "hii mvua imeileta juzi." Bakuli lile ndilo lililonibadilisha. Mpaka leo nikiingia mahali pa kula siulizi wanauza nini. Nauliza, "Mama, huu ni msimu wa nini?" Na mara nyingi huletewa chakula ambacho hakikuandikwa ubaoni, kile ambacho mpishi mwenyewe alikuwa amejiwekea ale mchana.

Tena ziwa likifunguliwa, bado kuna mwezi wa angani. Wavuvi wa omena hutoka usiku na taa, na samaki hao hufuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote linang'aa, taa hazivuti tena, na gorogoro, lile kopo la kupimia omena, hupanda bei. Kwa hiyo nikija kununua soko la Kibuye, kwanza natazama angani. Nakuru ningalichekwa! Lakini nakuhakikishieni, usiku wa giza ndio unaoleta omena wengi.

Sasa niwaambie kuhusu munyu, yale maji ya majivu ya kupikia mboga, kwa sababu hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Mwenyeji wangu upande wa Kakamega alikuwa akipika kunde, likhubi kama wanavyoiita, na sikumwona akishika magadi wala nyanya. Alichukua kopo lililotobolewa matundu chini, limejaa majivu. Majivu yenyewe ni ya maganda na mashina makavu ya maharagwe, yale ambayo sisi Nakuru huwatupia ng'ombe au kuyachoma shambani tukaondoka. Akamwaga maji juu taratibu. Chini yakadondoka matone ya rangi ya chai ya rangi, moja moja, kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa na haraka. Yeye hakuwa nayo. Vijiko viwili vya maji hayo vikaingia chunguni, na majani yaliyokuwa magumu yakalainika yakabaki na ukijani wake. Ladha yake ina uchumvi wa mbali, na harufu kidogo ya moshi. Mnavu na saga, ambazo ni chungu, alizichemsha, akamwaga maji, akatia maziwa na kuzilaza hadi kesho yake. Nilipozionja asubuhi nilinyamaza kabisa.

Kumbikumbi nao nilikula hapo hapo, mvua za kwanza. Watoto walifunika kichuguu kwa blanketi, wakapiga vijiti juu ya mbao kama mvua inayonyesha, na wadudu wakatoka. Wanakaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Sitasema zaidi, kwa kuwa wengi wenu mmewala tangu utotoni.

Niliporudi nyumbani na maharagwe ya huko, yalinishinda. Yalichemka asubuhi nzima, bado magumu. Kumbe Nakuru tuko juu, kama mita 1,850, na Kisumu ni kama 1,130 tu. Huku maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kule kwetu kama 94. Hizo nyuzi mbili zinakula kuni! Sasa nayaloweka usiku kucha, na yakianza kuchemka natia kijiko kimoja cha munyu. Hulainika mapema, na mchuzi wake unakuwa mzito.

Ndiyo maana nasikitika nikiona mtu amesafiri kutoka mbali, amefika ukingoni mwa ziwa hili, halafu anakula chipsi na kuku kama alivyokula Jumamosi iliyopita mjini kwao. Nje ya dirisha mama ana fungu la mitoo iliyochumwa alfajiri, na baada ya wiki tatu haitakuwepo.

Nimekuja na chupa ya munyu niliyoidondosha mwenyewe kwa majivu ya shamba la Njoro, karibu na Nakuru. Iko pale mezani. Ipitisheni, kila mmoja ainuse, na mama zangu mliozaliwa na kitu hiki mniambie kama nimekidondosha sawasawa. Anzieni pale mbele.