Fungua kwanza, umeme baadaye: mhadhara kuhusu kufufua kompyuta kuukuu ya mezani

Haya jamani, walio nyuma sogeeni mbele, sina sauti ya kupigia kelele leo. Wengine humu mshanisikia sana na najua mkiniona tu mnanong'onezana, huyo kaja na somo lake la betri tena. Ndiyo, nimekuja na betri yangu tena, na nitazidi kuja nayo mpaka nione watu wameacha kuichomeka kompyuta ya mwaka 1992 kwenye umeme dakika ileile wanayoitoa stoo.

Maana ndo kinachofanyika. Mtu kapata 386 au 486 ya mzee wake, yaani kompyuta ya zamani inayoitwa kwa namba ya prosesa yake, vumbi tele, furaha imemjaa, kitu cha kwanza anatafuta waya wa umeme. Ukimuuliza unafanya nini anakwambia "nataka nione kama bado inawaka". Sasa we ndugu yangu, hiyo imelala miaka thelathini, ikisubiri tena nusu saa itakudai nini? Skrubu zake ziko hapo nyuma, chache tu, bisibisi unayo, toa kifuniko uangalie ndani.

Utakachokitafuta kiko kwenye bodi kuu, mara nyingi karibu na tundu la kibodi. Ni kidude cha duara kirefu, aghalabu cha bluu au kijani, kimelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Hiyo ni betri ya nikeli na kadimi, volti 3.6, kazi yake ni kuifanya kompyuta ikumbuke saa na mipangilio ya bayosi, ile programu ya kuiwashia kompyuta, ukiwa umezima. Inachajiwa na bodi yenyewe kila ukiwasha. Kwa miaka michache ya mwanzo ilikuwa kitu kizuri tu, shida ni kwamba waliotengeneza hizi bodi hawakuwaza kabisa kwamba kuna mtu atakuja kuzitaka leo. Betri ikizeeka inavuja, na kinachovuja ni alkali kali, na hiyo alkali haikai pale ilipodondokea! Inatambaa chini ya ile rangi ya kijani, inafuata njia za shaba, inaingia kwenye soketi, inapanda kwenye miguu ya chipu. Na kwa vile jirani yake wa kwanza ni chipu ya kibodi, ndo maana mnakutana na kompyuta nyingi za zama zile zinawaka vizuri afu zinalalamika hazioni kibodi, mtu anaenda kutafuta kibodi nyingine, anabadilisha ya pili, ya tatu, kibodi za watu hazina kosa lolote.

Kuna jamaa aliniletea 486 DX2 ya megahezi 66, mashine safi, kailinda kama bikira wa kasri, imefungwa nailoni, imewekwa juu mbali na unyevu, haijaguswa na panya. Ananiambia fundi, hii niliihifadhi ikiwa nzima na juzi imewaka, ila leo haitaki. Nikamuuliza ulitoa betri? Akanishangaa, betri gani, hii si laptopu! Tukafungua. Jamani. Kona nzima imeota ukungu wa kijani na bluu, njia za shaba zimekuwa nyeusi, nafasi mbili za kadi zimeshaliwa miguu. Ananiambia mbona juzi iliwaka? Nikamwambia iliwaka kwa sababu njia zilikuwa bado zimeshikana kwa uzi, we ukapitisha umeme kwenye uchafu wenye majimaji, na umeme ukipita kwenye kitu kama hicho kutu inaenda mbio zaidi. Nailoni imezuia unyevu wa nje, adui yumo ndani mmelala naye. Tukaing'oa betri, tukasugua, tukaanza kupima njia moja moja kwa mita, hii imekatika, hii nzima, hii imekatika, kila iliyokatika unapitisha waya mwembamba na kulehemu. Kazi ya kukonda macho. Ilifufuka, sikatai, lakini kila nikiikumbuka najiambia koleo la kukatia lingemaliza hiyo habari kwa dakika moja tu siku alipoiweka stoo.

Najua kuna mtu hapo kashaanza kuniandalia swali. "Nikiikata si itasahau mipangilio?" Babu, ina miaka ishirini haijachajiwa, mipangilio gani unadhani inaikumbuka? Mwingine atasema basi aweke kile kibetri cha sarafu, CR2032. Polepole hapo. Ile bodi inachaji, na kile kibetri hakichajiki, ukikiunga moja kwa moja pale bodi itajaribu kukichaji na hapo unatafuta balaa lingine. Ama uweke dayodi ya kuzuia umeme usirudi, ama utumie pini nne ambazo bodi nyingi zinazo kwa ajili ya betri ya nje, unaunga kibebeo cha betri za kawaida kwa waya na unakibandika mbali, kwenye bati la kasha, ili ikivuja tena ivujie bati. Soma maandishi yaliyochapwa kwenye bodi kabla hujaunga chochote.

Na siki? Kila nikisema siki watu wanacheka. Kilichomwagika ni alkali, kinatulizwa na asidi dhaifu, siki nyeupe au maji ya limau, kidogo tu kwa mswaki. Afu unaiondoa siki yenyewe kwa maji yaliyochujwa madini, unamalizia na spiriti safi, unaacha ikauke sawasawa. Mtu anayepaka siki akaiacha hapohapo kabadilisha ugonjwa tu.

Wenye mashine za baadaye zenye kile kibetri cha sarafu tulieni, hamko kwenye hatari hii. Wenye ile chipu nyeusi nene ya saa, ya kampuni ya Dallas, betri yake imo ndani ya chipu, haivuji, inakufa tu kimyakimya baada ya miaka kama kumi hivi, na watu wanaikwangua pembeni mpaka wafikie chuma wakaunga betri ya nje. Inawezekana, ila kwa mkono uliotulia.

Nimetumia muda mwingi hapo, najua, msinioneshe saa.

Pawasaplai, lile sanduku la kugawa umeme. Kwenye mashine za miaka ya themanini kuna kapasita (vidude vya kuhifadhi chaji) za karatasi kwenye njia ya umeme mkuu, ganda lake linaonyesha ndani, ukiona lina nyufa usiwashe, zitapasuka na kwa moshi wake mtaihama nyumba. Na ndani ya pawasaplai kuna kapasita kubwa zinazobeba zaidi ya volti 300, zinaweza kubaki na chaji hata ukishachomoa, kwa hiyo kama hujui unachokigusa mpe anayejua, hapa sitanii. Kompyuta za AT, muundo wa zamani wa bodi na pawasaplai, zina plagi mbili za umeme kwenye bodi, P8 na P9, na zinaingia hata ukizibadilisha. Nyaya nyeusi zikutane katikati. Ukikosea umeua bodi. Wale wa mashine za kati ya 1999 na 2007 angalieni kapasita zilizovimba kichwa karibu na prosesa, zile ni za kubadilisha zote, sio mbili mlizoziona.

Sasa mnachotaka nyie wote, kuongeza nguvu. Yaani mtu hajasafisha hata feni anauliza "nijaze memori kiasi gani?" Jibu ni kwamba kwenye mashine hizi zaidi sio bora, na hili linawaudhi sana vijana. Chukua bodi ya Pentium yenye chipseti (chipu zinazoiongoza bodi) ya Intel 430TX. Inakubali memori hadi megabaiti 256, sawa, lakini kashe yake, ile memori ndogo ya kasi inayomsaidia prosesa, inahudumia megabaiti 64 za kwanza tu. Ukiweka 128, zile za juu hazipitii kashe, na kompyuta inaweza kuwa nzito kuliko kabla hujatoa hela! Windows 98 nayo ukiivusha megabaiti 512 inaweza kugoma, tena ujumbe unaokuja unakwambia memori haitoshi. Memori imejaa mpaka inamwagika, inakwambia haitoshi. Kuna mstari wa MaxFileCache unauongeza kwenye faili la system.ini, unaipa kikomo, inatulia.

Prosesa ni vilevile. Windows 95 kwenye prosesa ya AMD K6-2 ya megahezi 350 kwenda juu inaweza kuanguka wakati wa kuwaka, kwa sababu kuna mahesabu ya muda ndani yake ambayo hayakutegemea prosesa ya kasi hivyo. Programu nyingi za DOS, mfumo wa kabla ya Windows, zilizoandikwa kwa Pascal, lugha ya programu, ya kampuni ya Borland zinakufa na kosa namba 200 kwenye prosesa ya megahezi 200 na zaidi, sababu ileile. Kwa hiyo amua kwanza unataka kuendesha nini, gemu za 1990 au za 1999, ndo utafute vipuri. Mashine ya kufanya yote haipo.

Hadidiski, haraka haraka. Nakili iliyopo yote kabla ya jambo lolote, inaweza kuwa inazunguka kwa mara ya mwisho. Afu weka kadi ya CF (CompactFlash, kadi ya kumbukumbu kama za kamera) kwa adapta, CF inazungumza lugha ya IDE, ile ya hadidiski za zamani, tangu kuzaliwa, haina sauti, haipati moto. Bayosi nyingi za zamani hazivuki megabaiti 504, za baadaye zinakwama gigabaiti 8.4, kwa hiyo msinunue kadi kubwa ya kujionyesha. Rangi ya njano kwenye plastiki nilikuwa nayo kwenye karatasi lakini naiacha, inaondolewa kwa peroksaidi na jua, inaweza kurudi njano tena, basi.

Eti intaneti? Nani kauliza? Brauza za zamani hazijui usimbaji wa leo, yaani namna ya kuficha data njiani, tovuti nyingi hazitafunguka hata ukiomba, na Windows XP yenyewe iliachwa bila masasisho tangu 2014, msiiachie wazi mtandaoni. Ukitaka kuhamisha mafaili, zima, chomoa ile kadi ya CF, ipachike kwenye kompyuta yako mpya, nakili, rudisha. Hata kadi ya mtandao huihitaji. Haya, kuna mtu alikuwa na swali la flopi, yuko wapi?